Arabuko-Sokoke: ramani inayoishia kwenye uzio

Mwaka 2027 mpango mkakati wa kusimamia msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioandikwa mwaka 2002 na kupangiwa miaka 25, unafika ukingoni. Unamalizika wakati serikali ina hamu ya kupunguza mashirika yake: Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 ya umma yaunganishwe yawe 20. Hapa Malindi, kila msitu huu unapotajwa barazani hakosi mtu wa kuuliza kwa nini msitu mmoja uwe na wenyewe wanne, na methali anayo mdomoni: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Swali lenyewe si la kipuuzi, ila limeshika mkia likaacha kichwa. Naamini wingi wa mashirika ndio uliosaidia msitu huu kuwa hai mpaka leo. Palipouangusha ushirikiano wao ni kwenye mpaka, maana ulichorewa eneo dogo kuliko kile ulichotakiwa kukilinda. Tukienda kutafuta nahodha mmoja huku ramani ikibaki ileile, tutakuwa tumekarabati upande wa nyumba usiovuja.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Arabuko-Sokoke ni takriban kilomita mraba 420 kati ya Kilifi na Malindi, upande wa bara wa barabara kuu, na ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Anayeupita kwa matatu huona ukuta mmoja wa kijani, lakini ndani ni misitu mitatu: mashariki msitu mchanganyiko wa mbambakofi na wenzake, katikati ukanda wa miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, na magharibi vichaka vizito vya mfunda kwenye udongo mwekundu. Humo anaishi sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu ambaye karibu jamii yake yote duniani iko hapa, bundi mdogo wa Sokoke, na paa nunga. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1943, ukawa mikononi mwa Idara ya Misitu. Mwaka 1991 idara hiyo ikatia saini mkataba wa maelewano na Shirika la Wanyamapori, KWS, kuusimamia pamoja. Baadaye wakaingia Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, na Makumbusho ya Taifa, ambayo yalikuwa jirani tayari kwa sababu ya magofu ya Gede. Idara ya Misitu siku hizi ni KFS. Hao ndio manahodha wanne wanaosemwa, na pembeni yao wako mashirika binafsi ya uhifadhi, Nature Kenya na A Rocha Kenya, na vyama vya majirani wa msitu.

Wanaotaka uongozi mmoja wana hoja, na anayeishi kando ya msitu anaijua kwa mwili wake. Mama anayetaka kuni hulipia kibali kwa KFS na kutunza risiti. Tembo akivuka uzio na kulala kwenye mahindi yake, hiyo ni kazi ya KWS. Mtego wa waya ukikutwa kimo cha goti kwenye kijia cha paa ni kesi ya wanyamapori, lakini mti uliofungiwa mtego huo, ukiwa umekatwa fito, ni kesi ya misitu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, na kuifikia kunahitaji fomu, kamati ya kaunti na subira ambayo maskini hana. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kuhesabu vipepeo hubisha hodi kwenye ofisi kadhaa kabla hajafungua daftari. Hayo ni ya kweli, na anayesema ushirikiano huu hauna usumbufu hajawahi kusimama kwenye foleni.

Lakini usumbufu wa makaratasi hutibiwa kwa dirisha moja la kuhudumia watu. Kuvunja taasisi ni dawa ya ugonjwa mwingine. Isitoshe, nahodha mmoja tulishawahi kuwa naye. Kwa karibu nusu karne msitu ulikuwa chini ya idara moja, iliyouhesabu kwa mbao, na miaka hiyo mbambakofi na muhuhu zilikatwa kwa leseni halali na kupakiwa malori. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1990, sehemu kubwa ya majirani walitaka msitu ukatwe viwanja wapewe, na huwezi kuwalaumu. Walikuwa wakila hasara ya nyani na tembo, na faida walikuwa hawaijui rangi yake.

Kilichobadilisha upepo hakikutoka ofisi moja. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, ulizaliwa kwa watu wa vipepeo na makumbusho. Mkulima anafuga viwavi kwenye majani yanayotoka msituni, anauza pupa, na pupa zinasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Afisa misitu wa enzi ile, aliyefundishwa kupima magogo, asingelifikiria. Huko Dida, katika miaka hiyohiyo ya 1990, yalijaribiwa makubaliano ya kusimamia msitu pamoja na wanakijiji kabla Sheria ya Misitu ya 2005 haijaupa mtindo huo nguvu ya kisheria nchi nzima. A Rocha Kenya ikaanzisha mpango wa karo unaoitwa ASSETS, ambamo ada ya mgeni anayepita kwenye daraja la mbao la hori la Mida inasaidia mtoto wa kijiji jirani kusoma sekondari. Mambo matatu, vyanzo vitatu, na hakuna hata kimoja kilichosubiri ruhusa ya mkuu mmoja. Mwaka 2014 kampuni ya kutafuta mafuta ilipotaka kupima ardhi ndani ya msitu kwa mitetemo, pingamizi lilitoka pande nyingi kwa pamoja, wahifadhi, waongoza watalii, vyama vya majirani, na kazi ikasimama. Nawaomba wanaopenda nahodha mmoja wafikirie: huyo mmoja angepigiwa simu kutoka juu, angejibu nini?

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana. Anayesimamia mnyama na anayemhesabu hawafai kuwa mtu mmoja. Meneja anapimwa kwa mafanikio, na mtafiti anayelipwa na meneja ana kila sababu ya kupunguza ukali wa takwimu. Ndiyo maana Sheria ya 2013 iliunda Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori nje ya KWS, na sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021 ikaja na matokeo ambayo taasisi hizo mbili ziliyafanyia kazi pamoja. Anayetaka kuunganisha aunganishe wahasibu, magari na karakana. Mizani aiache mikononi mwa mtu mwingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema watafiti wanakuja kuhesabu ndege tu, wanaandika vitabu vyao, na msitu unabaki ulivyo. Inapendwa kwa sababu nusu yake ni ya kweli, na nusu hiyo nitaifikia. Lakini anayeisema hajasikia habari ya mnana wa Kilifi. Ndege huyu wa manjano na weusi alielezwa kisayansi mwaka 1913, na duniani kote hajulikani nje ya kaunti hii. Kwa miaka 100 alikuwa akionekana Arabuko-Sokoke kwa makundi juu ya mirihi, kisha anatoweka. Hakuna aliyekuwa ameona kiota chake. Unaweza kumlinda vipi ndege ambaye hujui anataga wapi? Wengine walidhani viota vimejificha juu mno kwenye matawi, na wakawa wanatafuta ndani ya uzio. Mwaka 2013 kundi lililoongozwa na Fleur Ng'weno wa Nature Kenya, pamoja na wenyeji wa kikundi cha hifadhi cha Dakatcha, likavikuta ng'ambo ya mto Sabaki, kwenye mabwawa ya msimu yenye ndago, yanayojaa mvua ikiwa nzuri na kukauka ikikataa. Kwa maneno mengine, ndege tuliyekuwa tukimtangazia watalii kuwa ni wa msitu huu anazaa mahali ambapo kamati ya mashirika yale manne haina askari, haina kibali cha kutoa wala mamlaka ya kumwambia mtu chochote.

Ugunduzi ule ulipaswa kubadilisha ramani siku ileile. Haukuibadilisha. Dakatcha, kule Magarini, si msitu uliotangazwa. Ni ardhi ya jamii, yenye mirihi na mifunda kama ya huku, na watu wanaohitaji kula. Karibu mwaka 2010 kulikuwa na mpango wa kampuni ya kigeni kupanda mbono wa mafuta (jatropha) kwenye makumi ya maelfu ya hekta pale, ardhi ikitolewa kupitia baraza la kaunti la Malindi la enzi zile, na ukazimwa kwa kelele za wenyeji na wahifadhi pamoja na ripoti zilizoonyesha kuwa hata hesabu ya hayo mafuta yenyewe haisimami. Kelele hizo zilifaa kwa adui mmoja mwenye jina na ofisi. Mkaa hauna ofisi. Simama daraja la Sabaki alfajiri utazame bodaboda zinazoingia mjini: magunia mawili matatu nyuma ya dereva, yamekazwa kwa mipira ya tyubu, midomo yake imezibwa majani na kushonwa kwa kamba. Huo mkaa ndio unaokaanga samaki wa Malindi jioni. Kisha kuna mananasi, ambayo yanalipa kuliko mahindi na yanahitaji ardhi safi. Kadiri doria za Arabuko-Sokoke zinavyokaza, mahitaji ya kuni, fito na mkaa hayapungui hata kidogo, yanahamia upande usio na mlinzi. Takwimu za ndani ya uzio zitapendeza kwenye ripoti, na hakuna atakayeandika kwamba zimelipiwa na Dakatcha.

Tembo nao wanasema habari hiyohiyo. Zamani walikuwa wakitoka Arabuko-Sokoke kuelekea nyika ya Galana na Tsavo na kurudi. Sasa uzio wa umeme umewatenga na mashamba, jambo ambalo mkulima wa Jilore analishukuru, nami simlaumu. Ila tembo waliofungiwa wanakula miti ileile kila mwaka. Idadi ya tembo inayofaa msitu uliofungwa ni swali la mtu wa miti na mtu wa wanyama kwa pamoja. Ukimpa mmoja, atalijibu kwa nusu.

Na mto? Mto Athi unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, unaitwa Galana ukipita Tsavo, na unaingia baharini kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Kwenye visima vya Baricho kando yake, maji yanasukumwa kuja Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Mvua ikinyesha bara, udongo wa mashamba ya Ukambani na Kiambu unateremka nao, na bahari yetu hubadilika rangi mpaka watalii wanauliza kuna nini. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu zikiwa za mwanzo Afrika, imewekewa maboya, walinzi na ada ya kuingia. Tope halilipi ada. UNESCO ililiona hili mapema kuliko sisi: eneo la Malindi na Watamu liliingizwa kwenye orodha ya hifadhi za baiolojia mwaka 1979, na mwaka 2019 likapanuliwa likameza na Arabuko-Sokoke. Kwa hiyo kwenye karatasi, bahari, hori la Mida na msitu ni eneo moja tayari. Lakini heshima ya UNESCO haiji na askari wala fungu la bajeti, na hata ramani hiyo iliyopanuliwa haijashughulika na udongo unaotoka Ukambani.

Ukipanda kaskazini zaidi utaona tena faida ya kutazama mbali. Paa nunga, ambaye kwa miaka mingi tulimhesabu kama wa Arabuko-Sokoke na Zanzibar, alionekana kwa wingi kwenye kamera zilizotegwa na watafiti katika misitu ya Boni na Dodori, Lamu, zaidi ya muongo mmoja uliopita. Kazi ile iliwaunganisha watafiti wa nje, Makumbusho, KWS na wenyeji Waaweer wanaoijua misitu ile kwa miguu. Kisha usalama ukaharibika, na tangu operesheni ya kijeshi ya 2015 mtafiti haingii Boni kama anavyoingia Gede. Ikiwa paa wengi zaidi wako mahali pasipofikika, wale wachache wa Malindi wana thamani tofauti na tuliyoidhania, na mpango wa msitu wetu unapaswa kuandikwa na mtu anayelijua hilo.

Hapa ndipo hoja nzito dhidi yangu inapoingia, nayo naiheshimu kuliko ile ya manahodha. Mtu wa Magarini atasema: mmeshindwa na uzio mmoja, sasa mnataka ramani kubwa inayofika shambani kwangu? Pwani hii ina kidonda cha ardhi ambacho hakijapona. Watu wamezaliwa, wamezeeka na kuzikwa kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa mwingine, au haipo kabisa. Wakisikia uhifadhi wa eneo pana wanasikia mpaka unatembea kuelekea nyumbani kwao. Wala hofu hiyo si ya Pwani peke yake. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria. Uhifadhi unaoanza kwa kumfahamisha mwenye ardhi baada ya kazi kukamilika unastahili kushindwa mahakamani, hata kama wanyama wameongezeka.

Ila jibu la hofu hiyo haliwezi kuwa kurudi nyuma ya uzio, kwa sababu bila ushirikiano wowote mwenye Dakatcha atabaki peke yake mbele ya dalali wa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inamruhusu kusajili ardhi ile kwa jina la jamii yake. Kazi ya kwanza ya ushirikiano mpana, kabla ya kupanda mche au kufunga kamera, ingekuwa kugharamia usajili huo: wapimaji, mikutano, usuluhishi wa mipaka ya koo. Baada ya hapo jamii inakaa mezani ikiwa na cheti, inatia saini kama KWS inavyotia saini, na inaweza kukataa. Siku hizi katika warsha kila mtu anaitwa mdau, kuanzia katibu mkuu hadi mchoma mkaa, na mwenye ardhi anapewa chai na soda kama wengine. Mwenye ardhi si mdau. Ndiye mwenyeji.

Nimeahidi kurudi kwa ile nusu ya kweli kuhusu watafiti. Mpango wa 2002 uliandikwa katika kipindi ambacho fedha za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikiingia kupitia BirdLife International, na mtu anayesoma ukurasa wake wa vitendo anaona mkono wa mradi wenye magari na mafuta. Mradi ulipofungwa, saini za mashirika zilibaki na mafuta yakaisha. Huo ndio mwendo wa ushirikiano mwingi wa namna hii: unaishi kwa kadiri ya msaada unavyoishi. Na maarifa nayo yanasafiri. Ukitaka kujua msitu huu umebadilika vipi kwa miaka 30, sehemu nzuri ya jibu iko kwenye tasnifu zilizo katika maktaba za vyuo vya Ulaya, kwa lugha ambayo mwongoza watalii wa Gede anaisoma kwa shida ikiwa anaipata. Huyo mwongozaji ndiye aliyemwonyesha mtafiti mti wa bundi. Jina lake liko kwenye aya ya shukrani.

Haya yanarekebishika kwa masharti ya vibali. Mtafiti anayepewa kibali cha Arabuko-Sokoke, Mida au Dakatcha aache nakala ya takwimu zake Gede kabla hajapanda ndege, aje kuzieleza kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, na amtaje kama mwandishi mwenza mtu aliyefanya kazi ya mwandishi mwenza. Kaunti ya Kilifi, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi utekelezaji wa sera za maliasili katika eneo lake, itenge fungu la kudumu kwa sekretarieti ndogo ya eneo zima, hata kama ni watu watatu na ofisi moja. Fedha za wahisani zije juu ya hilo fungu, si badala yake.

Mpango mpya hauwezi kupita bila ushirikishwaji wa umma, kwa hiyo vikao vitaitishwa, na nina hakika muda mwingi utaliwa na swali la nani awe mwenyekiti. Kuna swali jingine la kupeleka huko. Mvua nzuri imenyesha, mabwawa ya Dakatcha yamejaa, mnana wameshuka kujenga kwenye ndago, na hatua mia moja kutoka hapo mtu anafyeka shamba la mananasi kwenye ardhi isiyosajiliwa kwa yeyote. Nani anapigiwa simu, anakuja na sheria gani mkononi, na anamwambia nini huyo mkulima kuhusu karo ya watoto wake? Kamati ya mashirika manne haina jibu, kwa sababu Dakatcha iko nje ya karatasi yake. Shirika moja lililounganishwa Nairobi, likirithi karatasi ileile, litakuwa na nambari moja tu ya simu isiyo na jibu.